Wapagazi wa Majina Mekundu

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi, Tunu Mrisho alikuwa ameketi nyuma ya marobota ya vitenge katika duka la Kherunisa, mjini Tabora, akipanga kata za manispaa kwa alfabeti. Alikuwa amefika kwenye herufi I. Mtu asiyejulikana alikuwa ameiandika Itetemia mara mbili, mara ya pili kwa herufi ndogo. Tunu akaifuta ile ya herufi ndogo, akahifadhi, akashuka hadi Ntalikwa kuhakikisha kwamba huko hakuna aliyegusa kitu. Kisha akanywa chai yake, ambayo ilikuwa imekwisha kupoa.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa amestaafu kazi ya kutunza maktaba ya shule. Kherunisa alisoma naye darasa moja tangu la kwanza. Ukoo wa Kherunisa uliuza vitambaa kwenye barabara hiyo tangu babu wa babu yake alipofika kutoka Gujarati, na mtandao wa dukani kwake ulikuwa na nguvu kuliko wa simu, ndiyo maana Tunu alikuja kila asubuhi na kompyuta yake kwenye mfuko wa kanga. Huko nyuma ya marobota aliiandikia kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kufuta.

Wenzake waliofundishwa pamoja naye walichagua kuandika juu ya wanamuziki na wachezaji mpira. Tunu alichagua orodha. Aliandika orodha ya stesheni za reli, orodha ya miti ya miombo inayopendwa na nyuki, orodha ya visima vya zamani vya mjini. Alizijua kanuni zake vizuri: sentensi za mwanzo ziseme nani anaingia na nani haingii, mpangilio uwe mmoja, wa herufi au wa miaka, kila jina liwe na marejeo, na orodha isiishie kwa “na wengine.” Jina lenye makala yake huonekana la buluu. Jina lisilo na makala huonekana jekundu, likisubiri. Tunu aliona kwamba makala ni ya mtu mwenye mengi ya kusemwa, na orodha ni ya yule aliyebakiwa na jina tu.

Miaka minane iliyopita mumewe, Awadhi Shabani, aliyekuwa akinunua asali kwa warina wa Sikonge, alipanda lori la mizigo wakati wa mvua. Daraja likakatika. Siku ya nne ofisi moja ilibandika karatasi kwenye ubao, yenye majina tisa ya waliopotea, na mstari wa kumi uliandikwa “na wengine.” Tunu alisimama mbele ya ubao ule hadi mlinzi akamletea kiti. Alirudi ofisini mara nyingi. Kila mara alijibiwa kwa adabu kwamba abiria wa juu ya mizigo hawakuandikishwa, kwa hiyo hawakuwemo, na mtu ambaye hakuwemo hawezi kuandikiwa kifo. Maiti haikupatikana. Hakukaa eda, kwa sababu hapakuwa na maiti wala karatasi. Kwa miaka minane aliendelea kupika ugali wa watu wawili, na saa saba mchana aliufunika ule wa pili kwa kawa.

Mwezi huo wa Agosti, kata zilipokwisha, alianza orodha aliyoiweka kiporo muda mrefu. Bibi yake, Maua, alikuwa akitwanga mahindi huku akitaja majina, jina moja kwa kila pigo la mchi. Yalikuwa majina ya vijana wa mtaa wao wa zamani waliobeba mizigo ya Mzungu mmoja kutoka pwani kwenda Ujiji, enzi za misafara, na hawakurudi. Wanawake waliobaki waliyakariri ili wajue ni nani wa kupikiwa siku watakapotokea. Msafara ulikuwa na watu zaidi ya mia. Wa mtaa ule walikuwa thelathini na wanne, na Tunu aliwakumbuka wote, kwa mpangilio wa kutembea kwao.

Aliandika sentensi za mwanzo kwa uangalifu. Chini yake akaandika jina la kwanza, Kulwa Mihambo, likatokea jekundu. Akafunga kompyuta, akaenda nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, kuanika matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa.

Saa kumi alasiri Kulwa Mihambo aliingia uani. Alikuwa na pembe ya ndovu begani, imefungwa kwa ngozi, na kengele ndogo kwenye ncha. Hakubisha hodi kwa sauti. Alisimama karibu na mlango wa jiko, akihema, bila kuutua mzigo. Tunu ndiye aliyetangulia kusema shikamoo, kwa kuwa mgeni alionekana wa miaka ishirini na mitano lakini alizaliwa kabla ya bibi wa bibi yake. Kulwa akaitikia marahaba. Akaeleza, kwa Kinyamwezi cha zamani kilichochanganyika na Kiswahili cha pwani, kwamba mizigo haitui yenyewe. Msafara ukifika, karani hufungua kitabu, huita jina, na aliyeitwa ndipo hutua. Kitabu chao kilianguka mtoni walipokuwa wakivuka. Hakuna aliyewaita. Tangu siku hiyo walikuwa wakienda ziwani na kurudi pwani.

Tunu akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akafungua ukurasa.

“Kulwa Mihambo,” akasoma.

“Naam,” akasema Kulwa, akautua.

Aliomba maji. Alikunywa kata tatu, akala sahani ya matobolwa, akalala kwenye mkeka hadi Magharibi. Begani alikuwa na nundu ngumu kama kifuu.

Kwa siku tisa Tunu aliandika majina asubuhi na kuyaita alasiri. Siku nyingine waliingia wanne, siku nyingine watatu. Walikuja na marobota ya merikani, na misokoto ya waya wa shaba, na shanga kwenye mifuko mirefu. Kherunisa alifika Ijumaa baada ya kufunga duka, akaipapasa merikani kwa vidole viwili, akasema kitambaa cha namna hiyo hakifumwi tena, na kwamba pindo lake limeliwa kidogo na mchwa. Majirani walilalamika juu ya foleni ya bombani, kwa sababu wageni thelathini wanaoga. Afisa wa wanyamapori alikuja kwa pikipiki kuangalia zile pembe. Akapima, akauliza zilitoka lini bara, akakuta zilikatwa kabla ya sheria kutungwa, akaondoka. Wageni wenyewe walikuwa watu wa kazi. Walisimamisha upya ua wa matete, wakachimba shimo la taka, na jioni walikaa wameegemea ukuta, wakiyatazama mabega yao yasiyo na kitu.

Aliyeingia wa mwisho katika wale thelathini na wanne aliitwa Uwesu, mtu mfupi, mwenye makovu mgongoni. Yeye alipoitwa alitua sanduku la bati, akaligeuza ili kufuli lielekee ukutani, akakaa mbali nalo.

Kesho yake alikuja mwenyekiti wa mtaa na daftari, maana wageni wanaopitisha siku tatu huandikishwa. Alihesabu kwa kalamu, akigusa hewa. Tunu akamwambia anaweza kumtajia majina, anayo yote. Mwenyekiti akasema mstari wa daftari ni mfupi. Akaandika: wageni, wanaume, 34. Akaaga.

Ujumbe wa Levina ulifika siku hiyohiyo. Levina alikuwa mwalimu wa Jiografia Dodoma, na katika kamusi elezo alikuwa mkabidhi, mwenye madaraka ya kufuta na kufunga kurasa. Ndiye aliyemfundisha Tunu kazi. Juu ya orodha alikuwa amebandika tangazo la njano: ukurasa huu hauna marejeo. Kisha akapiga simu, kwa heshima.

Baada ya kusalimiana na kuulizana hali ya nyumbani, Levina aliuliza, “Dada Tunu, hao watu wapo kwenye kitabu gani?”

“Kitabu sikijui. Wapo uani kwangu. Kulwa anashona mkeka.”

“Uani si marejeo, dada.”

“Najua.”

Levina akasema kwamba hana shaka nao. Babu yake mwenyewe, aliyezikwa Bukoba, huja kila msimu wa senene na kukaa jikoni, lakini hajawahi kumtia kwenye kamusi elezo. Kazi yao ni kuandika kilichokwisha kuandikwa na wengine. Akiuruhusu ua wa Tunu leo, kesho atakuja mtu na orodha ya watemi aliyoitoa kichwani mwake, na atamkataliaje? Maneno hayohayo Tunu aliwahi kumwandikia mtu wa Urambo na kulifuta jina la babu yake. Wakakubaliana siku saba, kama ilivyo kawaida. Majina yatakayopata marejeo yatabaki.

Tunu akakitafuta kitabu cha yule Mzungu. Alikikuta mtandaoni, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na akakisoma kwa siku tatu nyuma ya marobota, akiweka kamusi ya Kiingereza mapajani. Punda wa msafara walikuwa sita, na kila mmoja alikuwa na jina, rangi na tabia yake. Mbwa alikuwa na sura nzima ya kitabu peke yake, hadi kifo chake na kaburi lake. Punda wale walikuwa tayari na orodha katika kamusi elezo, imeandikwa na mtu wa mbali, na kila jina lilikuwa na namba ya ukurasa. Wapagazi waliitwa wapagazi. Wawili walitoroka, mmoja alichukuliwa na mamba, kumi na mmoja waliugua ndui wakaachwa njiani. Katika kitabu chote jina moja tu la mpagazi lilitajwa, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili: Uwesu, aliyechapwa viboko ishirini na tano kwa kuiba kopo la biskuti.

Alimsomea Uwesu ukurasa huo uani, akiutafsiri polepole. Uwesu alisikiliza hadi mwisho.

“Kopo lilianguka mtoni,” akasema. “Siku ileile, pamoja na kitabu cha majina. Karani alihitaji mtu.”

Tunu akaweka marejeo kwenye jina lake, mwandishi, mwaka na ukurasa. Hakuwa na cha kuweka kwenye majina mengine thelathini na matatu.

Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya swala, alikaa dukani na orodha mbele yake kwa muda mrefu bila kuandika. Kherunisa alikuwa akikunja vitambaa. Katika miaka mitatu Tunu hakuwahi kutia kwenye kamusi elezo neno asilolijua kuwa kweli, na alijivunia jambo hilo. Sentensi zake mwenyewe za mwanzo zilisema ni akina nani wanaoingia. Alizisoma tena. Zilisema: watu waliobeba mizigo kupitia Tabora na ambao mizigo yao haikupokelewa. Hazikutaja mwaka. Alikuwa ameziandika hivyo mwenyewe, na sasa hakujua kama alisahau au la. Akashuka hadi mwisho, akaandika namba thelathini na tano: Awadhi Shabani, alibeba asali.

Hakumwambia Kherunisa. Alirudi nyumbani, akaoga, akavaa gauni la kijani lililokuwa limekaa sandukuni, akawaomba wapagazi wakae upande wa nyuma, wakaenda.

Saa kumi Awadhi alitokea kwenye lango. Nguo zake zilikuwa mbichi, na maji yalichuruzika hadi kwenye viatu. Begani alikuwa na ndoo ya asali ya lita ishirini, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuwa amezeeka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na Tunu sasa alimzidi kwa saba. Alisimama akimtazama bila kuutua mzigo, kama wenzake wote walivyosimama.

Tunu alikuwa na simu mkononi. Alijua kwamba siku saba zitakwisha Jumanne, kwamba jina likifutwa mzigo hurudi begani, na kwamba mtu aliyekwisha kutua huuona mzigo mzito zaidi akitwishwa tena. Alilifikiria hilo kwa muda ambao maji yalitengeneza kidimbwi kidogo miguuni pa Awadhi.

“Awadhi Shabani.”

“Naam.”

Wakaitua ndoo pamoja, yeye ameshika upande mmoja na mumewe upande mwingine.

“Mlango umeupaka rangi,” akasema Awadhi.

“Mwaka juzi.”

“Imependeza.”

Alimpa shuka kavu na chakula kilichokuwa chini ya kawa, kikiwa bado na moto. Awadhi alikula kwa kasi, kisha polepole. Akasimulia kwamba lori lilipozama yeye alishika ndoo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, na tangu hapo alitembea nayo. Alirudi Sikonge alikoinunua, wapokeaji wa mizigo wakatazama karatasi zao, hayumo. Akarudi hadi darajani, hayumo. Akaenda tena. Njiani alikutana na watu wa zamani wenye pembe na marobota, wakamfundisha namna ya kubadilisha bega bila kusimama.

“Umekufa?” akauliza Tunu.

“Hakuna aliyeniambia.”

Walikaa siku nne. Hakuna kilichotokea katika siku hizo ambacho majirani wangeweza kukihadithia. Tunu alimkanda bega kwa mafuta ya karanga, asubuhi na alasiri. Awadhi alikaza bawaba za dirisha, akauliza habari za watu; wengine walikuwa wamehama, wengine walikuwa wamezikwa, na kila alipotajiwa aliyezikwa alisema Mungu amrehemu na kutazama chini. Wakaenda pamoja sokoni kununua nyanya. Mwuza nyanya akamwambia Awadhi amepotea sana, Awadhi akasema ni safari. Mchana aliposinzia kwenye mkeka, Tunu alikaa karibu naye na kazi yake ya kufuma, na hakufuma chochote. Alitazama namna kifua kilivyopanda na kushuka, kama alivyokuwa akikikumbuka, ila kwamba kumbukumbu yake ilikuwa imesahau mlio mdogo wa puani. Alifurahi kuupata tena. Ulimtia uchungu kuliko alivyotazamia, kwa sababu sasa atakuwa na kitu kimoja zaidi cha kukosa.

Jumatatu Awadhi aliomba kuona mahali alipoandikwa. Tunu akamwonyesha. Alilitazama jina lake jekundu, chini ya majina mengine mekundu na moja la Uwesu lenye namba ya marejeo pembeni.

“Mimi sikuwa mpagazi.”

“Ulibeba.”

Awadhi akafikiri, akakubali kwamba ni kweli, alibeba.

Jumanne asubuhi Levina alipiga simu. Alisalimia.

“Nimeona namba thelathini na tano,” akasema. “Huyu si wa wakati ule. Ni nani?”

“Mume wangu.”

Kwenye simu ikasikika kengele ya shule na watoto wakipita. Levina alipozungumza tena, alizungumza kama mtu anayesoma ratiba. Alisema kuna njia ya kufuta mistari yote kwa mara moja, kwa kubonyeza mara moja, lakini yeye atafuta mmoja mmoja. Ataanza juu. Ana vipindi hadi saa nane, kwa hiyo ataanza saa nane. Na kila mstari lazima aandike sababu, nayo huchukua muda.

“Siwezi zaidi ya hapo, dada.”

“Nimekuelewa, mdogo wangu.”

Tunu aliwaambia wageni wakati wa chakula cha mchana. Walisikiliza, wakamaliza kula, wakaosha sahani. Mmoja akauliza kama njia ya Ujiji bado inapita palepale, akaambiwa sasa ina lami. Wakapanga mizigo kwa mpangilio wa kutembea.

Saa nane na dakika tatu jina la Kulwa likatoweka kwenye simu. Pembeni pakaandikwa: hakuna marejeo. Kulwa akainama, mwenzake akamtwika pembe, akaaga kwa mikono miwili, akashukuru kwa matobolwa, akatoka langoni. Kengele yake ilisikika hadi kwenye kona ya msikiti. Baada ya dakika sita akatoka wa pili. Levina hakuharakisha. Kati ya wa kumi na wa kumi na moja alipitisha robo saa nzima, na Tunu akajua kwamba ameamua kusahihisha madaftari. Hakuna mpagazi aliyelalamika. Walitoka mmoja mmoja kama watu wanaoitwa, ila kwamba sasa kila jina lilipofutwa ndipo mtu aliponyanyuka. Uani pakawa panapanuka.

Awadhi na Tunu walikaa kwenye benchi la jikoni. Awadhi alikuwa amevaa nguo zilezile za safari. Zilikuwa zimeanikwa siku nne juani, na bado zilikuwa mbichi. Awadhi alisema bawaba ya pili inahitaji parafujo ndefu zaidi. Tunu akasema atanunua.

Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, uani alibaki Uwesu peke yake, kwenye kivuli cha ukuta. Jina lake lilirukwa. Simu ikatikisika mara moja zaidi.

Awadhi akasimama mbele ya ndoo. Aliishika, akaiinua hadi magotini, ikamshinda.

“Nitwike,” akasema.

Tunu akafunga kanga kiunoni, akamtwika. Akaihamisha kidogo ili isikae juu ya nundu. Awadhi akashukuru kama mtu anavyomshukuru mkewe kwa jambo la kila siku, akatoka. Tunu akamsindikiza hadi langoni tu.

Orodha ilibaki na jina moja, na orodha ya jina moja si orodha. Mtu wa mbali akaigeuza makala ya sentensi mbili. Uwesu akawa wa buluu. Sentensi ya kwanza ilisema alikuwa mpagazi wa Tabora, ya pili kwamba alichapwa kwa wizi wa biskuti. Wanafunzi wa mjini walipopewa kazi ya Historia waliinakili, na baadhi yao wakaandika kwamba mpagazi wa Tabora alikuwa mmoja na alikuwa mwizi. Mwalimu aliwapa alama, kwa kuwa marejeo yalikuwepo. Mwenyekiti wa mtaa alifuta 34 kwenye daftari, akaandika 1. Kherunisa alimchukua Uwesu dukani, akampa chumba cha stoo. Alikuwa na mgongo mzuri, na duka lilihitaji mtu wa kushusha marobota.

Mara moja Uwesu alimwomba Tunu aongeze sentensi ya tatu, kwamba hakuiba. Tunu akamwandikia Levina. Levina akajibu kwa masikitiko ya kweli kwamba maneno ya mhusika juu yake mwenyewe hayawi marejeo huru. Uwesu akasema basi, akarudi kushusha.

Tunu alikwenda kwa shehe kuuliza kama sasa akae eda, maana safari hii amemwona akiondoka. Shehe alitafakari, akauliza kama mtu huyo anaonekana njiani. Tunu akasema wapo waliomwona, dereva wa basi na warina wawili. Shehe akasema anayeonekana njiani ni msafiri, na mke wa msafiri hakai eda. Anangoja.

Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, Kherunisa alimwomba amsindikize mnadani Sikonge kwa gari lake dogo la mizigo, akauze vitenge. Tunu hakuwa amepita njia hiyo kwa miaka minane. Uwesu alipanda nyuma, juu ya marobota. Kabla ya kilomita ya thelathini waliwakuta watu wa msafara upande wa kushoto wa barabara, mstari mmoja, kila mmoja na mzigo wake. Kherunisa akapunguza mwendo, akapiga honi taratibu kama mtu anavyowapigia waendesha baiskeli. Uwesu aliwapungia. Walimwitikia kwa vichwa, maana mikono ilikuwa imeshika.

Mbele yao, mbali kidogo, alikuwa Awadhi.

“Nisimame?” akauliza Kherunisa.

“Simama.”

Tunu akashuka, akafunga mlango, akatembea haraka hadi akamfikia. Walitembea sambamba, Awadhi ukingoni, yeye upande wa nyasi. Alimwambia kwamba parafujo amenunua. Awadhi akauliza ni inchi ngapi. Akabadilisha bega bila kusimama, kama alivyofundishwa, na ndoo ikawa kati yao, kwa hiyo Tunu akazunguka upande wa pili ili auone uso wake. Hadi darajani ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo. Kwa Awadhi ilikuwa dakika arobaini na tano, na Tunu alitembea kwa mwendo wa Awadhi.

Daraja jipya ni la zege. Mwanzoni mwake pana kibao chenye jina la mkandarasi, jina la aliyelizindua na tarehe. Hapo Awadhi hugeuka kuelekea Sikonge, kwa njia ya zamani ya vichakani, ambayo gari halipiti.

Mnada wa Sikonge ni kila Alhamisi. Tunu sasa huenda kila Alhamisi.